Ngazi Iliyomo Ndani ya Daraja

Neno daraja lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa na ngazi ndani yake. Kwa Waarabu, daraja ni kidato: ile hatua moja ya kupandia, na kutokana na hapo likawa pia cheo na kiwango. Kitu cha kuvukia mto wao hukiita jisr, au qantara. Majina hayo mawili hayakushika mizizi pwani yetu. Sisi tulichukua lile la kidato, tukalitandika juu ya maji. Mimi hudhani aliyeanza kuliita hivyo alikuwa ameona daraja la mawe lenye vidato vya kupandia huku na vya kushukia kule, akakiita kitu kizima kwa jina la sehemu yake, kama tunavyosema bati tukikusudia paa lote.

Na zile maana za asili hatukuziacha. Mtumishi hupandishwa daraja. Behewa la treni lina daraja la kwanza na la tatu. Timu ya mpira hushuka daraja, na hili mtu wa Tanga hahitaji kufafanuliwa: msimu ulioisha mwaka 2016, Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, timu zetu zote tatu za Ligi Kuu, zilishuka daraja kwa pamoja. Coastal ile ile iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988. Kwa miezi mingi baada ya hapo, mtu akitamka daraja kwenye baraza la kahawa hakuna aliyefikiria mto wala zege. Walifikiria kuporomoka.

Nimeanza na ngazi kwa sababu ya reli.

Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893, na mwaka 1911 ikawa imefika Moshi. Ilikwenda kuchukua mazao ya mashamba na kuyaleta bandarini, na katika safari hiyo iliukata mji wetu kama kisu kinavyokata mkate. Kusini yake ni Ngamiani, mitaa iliyopimwa mraba kwa mraba, barabara zake zikiitwa kwa namba. Kaskazini yake, kuelekea bandarini, ni ile sehemu ambayo mtu wa Makorora au Mabawa mpaka leo akitaka kwenda husema "nakwenda mjini", kana kwamba anakoishi ni shamba. Anayesema hivyo kazaliwa mjini, na wazazi wake walizaliwa mjini. Lugha imeishika ile mistari miwili ya chuma ikaifanya mpaka.

Na watu wanaouvuka mpaka huo asubuhi ni watu wa miguu na wa baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi yake tambarare, jua lake kali, na mwendo wa kutoka nyumba hadi soko ni mrefu kwa miguu na mfupi kwa nauli. Hapa utamwona mama wa baibui kapanda baiskeli ameweka kikapu mbele. Muuza samaki anatoka Deep Sea na sanduku limefungwa kwenye keria. Mwanafunzi kampakia mdogo wake. Mzee anakwenda msikitini taratibu, kanzu kaikunja ili isinaswe na mnyororo. Si mchezo wala mazoezi ya afya. Ndio usafiri wenyewe.

Kwa hiyo nimekuwa nikiliwaza daraja la kuiunganisha mitaa hii, la watu na baiskeli tu, lisilopitisha gari. Mawazo yangu si ya mhandisi. Mimi kazi yangu ni maneno, na kila ninapokaa kuliandika daraja hilo, nakwama kwenye jina lake.

Jina linalotumika nchini ni daraja la waenda kwa miguu. Tumelizoea tangu lile la Manzese, juu ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, na leo tunalo hata Mwanza, pale Furahisha. Ni jina zuri kwa sehemu. Nalipenda kwa neno lake mwenda. Wapo wanaosema mtembea kwa miguu, nami silikubali, kwa kuwa kutembea kwetu pwani ni kuzuru na kujipumzisha: mtu hutoka jioni kutembea, huenda kuwatembelea jamaa. Mwenda ana anakokwenda. Ni neno la zamani na lenye heshima, limo hata katika ile methali ya mabaharia kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Anayevuka reli saa kumi na mbili na nusu asubuhi na chupa ya chai mkononi ni mwenda, hatembei.

Lakini baiskeli iko wapi katika jina hilo? Haimo. Na kitu kisichokuwamo katika jina hakimo katika mchoro, na kisichokuwamo katika mchoro hakimo katika bajeti. Ukisimama chini ya daraja la namna hiyo na baiskeli yako, unakuta vidato. Hapo ndipo ule ukale wa neno unapoamka: daraja limerudi kuwa daraja, kidato juu ya kidato, na wewe unaibeba begani baiskeli iliyokusudiwa ikubebe wewe.

Niliwahi kumuuliza fundi baiskeli mmoja wa Ngamiani, mzee ambaye nimemwamkia shikamoo tangu utotoni, kama mtu anayekokota baiskeli ni mwenda kwa miguu au ni mwendesha baiskeli. Alikuwa ananyoosha rimu, hakuinua macho. "Akiwa juu yake ni mpandaji," akasema. "Akiwa chini anaisukuma, ni mwenda kwa miguu aliyeongezewa mzigo. Akiibeba ngazini, mwanangu, huyo ni mchukuzi." Sijaona katika maandishi ya sheria mgawanyo ulio wazi kuliko huo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamjua mpandaji. Huyu wa tatu, mchukuzi, hujulikana na fundi.

Wengine watasema tuliite kivuko. Nimelifikiria sana neno hili, na nakiri ni tamu. Vuka ni kitenzi chetu wenyewe, cha asili. Shida ni kwamba kivuko kimekuwa na watoto wengi mno. Ni mahali pa kuvukia mto. Ni chombo chenyewe kinachovusha, kama kile cha Magogoni na Kigamboni. Ni ile michirizi myeupe barabarani, kivuko cha pundamilia. Na katika taarifa za ujenzi wa barabara, vivuko vya waenda kwa miguu ni vile vidaraja vidogo vya juu ya mifereji na mito ya msimu. Mkutano wa mtaa ukiambiwa kwamba "kivuko kinakuja", mmoja atangoja rangi nyeupe, mwingine atangoja boti.

Watu wenyewe wameshaliona tatizo, ndiyo maana kwa chombo cha majini wakajitafutia neno jingine: pantoni. Limetoka kwenye jina la Kiingereza la boya bapa la kuelea, na historia yake pwani hii inavutia, kwa sababu kitu hicho kimekuwa chombo na kimekuwa daraja. Mombasa mwaka 1931 walijenga daraja la Nyali likielea juu ya maboya, likatumika hadi daraja la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980. Kisha mwanzoni mwa mwaka 2021 Mombasa wakapata jingine la kuelea, la Liwatoni, hili la waenda kwa miguu, lenye urefu wa kilomita 1.2 hivi, kuwapunguzia watu wa Likoni msongamano wa feri wakati wa korona. Kwa hiyo mtu wa Mombasa aliweza kulipanda pantoni likasimama tuli naye akaenda, na mtu wa Dar es Salaam husimama tuli likaenda pantoni. Neno moja, kazi imegeuzwa.

Kwetu huku, pantoni ni la Pangani. Mji uko upande mmoja wa mto na Bweni iko upande wa pili, na kati yao vizazi kwa vizazi watu wamevushwa. Mto huo ulipangiwa daraja la mita 525, katika barabara ya kilomita 256 ya kutoka Tanga kupitia Pangani hadi Makurunge, karibu na Bagamoyo. Nimekaa kwenye gati la Pangani nikisikiliza watu wanavyoongea, na neno ambalo daraja litalibadili kuliko yote ni ng'ambo. Mtu wa Pangani akisema "yuko ng'ambo", maana yake Bweni, umbali wa kuitana kwa sauti kama upepo umelala. Ng'ambo hiyo hiyo ni Ulaya na Uarabuni. Maji ndiyo yanayoipa maana, si umbali. Na tunao ushahidi wa Unguja kwamba maneno haya hayafi upesi: hori lililoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo lilikwisha kufukiwa, daraja lililolivuka halipo, lakini soko mpaka leo ni Darajani na watu mpaka leo wanakaa Ng'ambo. Jina baya likikaa mahali litakaa miaka mia. Ndiyo maana nahangaika na jina kabla ya nondo.

Lipo pia neno la reli yenyewe, nalo nalipenda kuliko linavyopendwa na wengine: tambukareli. Ndivyo tunavyopaita mahali ambapo barabara inakatiza reli, na Dodoma ipo kata nzima yenye jina hilo. Tambuka ni kupita juu ya kitu kwa kuinua mguu, kama unavyotambuka kizingiti. Neno limeundwa vizuri, kitenzi na yambwa yake zimeshikana kama kiungo cha mkono. Lakini ni la mguu tu. Gurudumu halitambuki.

Sitakaa sana kwenye maneno ya ofisini, ingawa mawili yanastahili kuguswa. Kabla ya kujenga hufanywa upembuzi yakinifu. Kupembua ni kazi ya ungo: unarusha nafaka, upepo unachukua makapi, punje inabaki. Aliyelichagua neno hilo alijua Kiswahili na alijua jikoni. Kisha huitwa wadau. Neno hilo limetokana na dau, ile fedha mtu anayoiweka mchezoni. Nasi wa pwani hatuwezi kulisikia bila kuona dau jingine, la majini, lenye watu ndani yake. Ningependa wapembuzi wa daraja letu wakumbuke maana zote mbili. Muuza samaki ameweka dau lake kila siku pale relini, na yumo ndani ya dau.

Sasa nilisemee neno langu.

Bibi yangu alikuwa na shamba la machungwa na minazi upande wa Muheza. Katikati yake kilipita kijito, na juu ya kijito palilazwa mnazi ulioanguka, umechongwa kidogo upande wa juu ili mguu usiteleze. Watoto tulipenda kuruka kijito. Bibi alikuwa akituita kwa ukali: "Piteni ulaloni!" Ulalo. Sikulisikia tena neno hilo mjini, nikadhani ni la bibi peke yake, mpaka nilipokuwa mtu mzima nikalikuta kamusini limetulia: gogo au mti uliolazwa juu ya mto ili watu wavuke, wingi wake malalo. Limetoka kwenye lala. Kitu kilicholala, kikalala kwa ajili yako.

Na babu alikuwa na baiskeli. Alikuwa akifika kijitoni akiwa amepakia magunia, haibebi. Anapandisha magurudumu juu ya ulalo, yeye mwenyewe anashuka majini, maji yakimfika magotini, anakwenda pembeni ameshika usukani, baiskeli ikipita kavu juu ya mnazi. Hakuhitaji kuinua kitu. Hiyo picha ndiyo iliyonifundisha tofauti ambayo kamusi haiiandiki: kwenye daraja unapanda, kwenye ulalo unapita.

Nitaambiwa ulalo ni gogo, na jiji haliwezi kuita mradi wake gogo. Ningekubali kama maneno yetu yangekuwa hayakui. Chombo kilikuwa jahazi. Leo tuna vyombo vya moto barabarani na vyombo vya anga za juu. Upembuzi ulikuwa wa mchele. Ulalo nao unaweza kubeba zege na chuma, mradi tu ulale.

Sharti hilo la kulala lina hesabu yake, na ni vizuri tuifanye hadharani. Chukulia sakafu ya daraja letu ipite mita 6 juu ya reli. Kwa ngazi, kila kidato kikiwa na sentimita 15, ni vidato 40 kupanda na 40 kushuka. Vinaingia katika uwanja mdogo, gharama ni nafuu, na kwenye karatasi mradi umekamilika. Kwa mwinamo ambao mwenye baiskeli iliyopakia anaweza kuupanda bila kushuka, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 20 za mwendo, unahitaji mita 120 kila upande, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Zinaweza kukunjwa au kuzungushwa, lakini lazima ziwepo. Hapo ndipo majadiliano ya fidia, ya ardhi na ya fedha yanapoanza, na hapo ndipo mtu mwenye haraka anapouliza: kwani mkataba unasemaje? Ukisema daraja, vidato 40 vinatosha, tena vinatosha kwa maana kamili ya neno. Ukisema ulalo, havitoshi.

Mji wa Copenhagen, Denmark, uliwahi kuwa na ngazi za namna hiyo bandarini, watu wakishusha na kupandisha baiskeli kwa mikono. Mwaka 2014 wakafungua njia ya juu ya baiskeli iliyopinda-pinda juu ya maji, wakaiita Cykelslangen. Wengi hulifasiri jina hilo nyoka wa baiskeli, na ni kweli, njia yenyewe imejinyonga kama nyoka. Ila neno hilo hilo kwa Kidenmark ni ule mpira wa ndani ya tairi. Walichukua jina kutoka kwenye sanduku la fundi baiskeli wakaliweka juu ya bandari yao. Kila anayelitamka anajua njia hiyo ni ya nani.

Kuna jambo moja ambalo ulalo haulitatui, nalo ni mwendo. Ukiwapa watu na baiskeli njia moja, wa haraka na wa taratibu watakutana. Chuoni tulipokuwa watoto tulifundishwa habari za Sirati, njia itakayopitwa na kila mtu siku ya mwisho, nyembamba kuliko unywele, nasi Waswahili tumezoea kuiita daraja ingawa kwa Kiarabu maana yake ni njia tu. Tuliambiwa wapo watakaoipita kama umeme, wapo kama upepo, wapo watakaotambaa. Sipendi kulinganisha ya dunia na ya akhera, lakini tangu utoto ndiyo njia pekee niliyofundishwa kuiona ikiwa na watu wa mwendo tofauti juu yake kwa wakati mmoja. Ya kwetu basi isiwe nyembamba. Iwe ya mita 4, baiskeli mbili zipishane na bibi mwenye bakora apite pembeni bila kubinywa ukingoni, wala asigutushwe na kengele.

Nimeliandika jina mara nyingi katika daftari langu ili nisikie linavyokaa: Ulalo wa Ngamiani. Ulalo huu, malalo haya. "Tukutane ulaloni." "Ameteremka ulaloni sasa hivi, utamkuta." Linatamkika, halihitaji kifupisho, na mtoto anaweza kuliimba.

Ombi langu kwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) ni hili: lirudisheni neno ulalo katika matumizi, na mlipe maana ya njia ya juu isiyo na ngazi, ya waenda kwa miguu na baiskeli. Kwa wahandisi wetu: mtakapoichora, andikeni jina hilo juu ya mchoro wa kwanza. Na kwako msomaji wa Tanga, Muheza, Pangani au Mkinga: kama kwenu wazee walikuwa na neno jingine la mti uliolazwa juu ya kijito, waulize kabla hawajaondoka, liandike, ulipeleke serikali ya mtaa wako.